Kadi ya Ethaneti inapogoma: mwongozo kamili wa kusaka tatizo kati ya chipu na draiva kwenye Linux

Kompyuta nyingi zinazopita mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, ni za mtumba. Ni mashine za ofisi zilizokwisha kutumika nje, sasa zinakwenda kwenye maabara ya shule kule Pongwe, duka la steshenari Chumbageni, au ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Zikiwekewa Linux, kila kitu huwaka vizuri mpaka uchomeke waya wa mtandao. Hapo ndipo mwenye mashine anasema, "Fundi, taa ya nyuma inawaka lakini haisomi mtandao." Fundi asiye na utaratibu anaanza kubadili mambo ovyo: anafuta draiva, anapakua nyingine, anasakinisha mfumo upya, na jioni hajui ni kipi kati ya hivyo kilichoharibu zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba usiilaumu draiva (programu inayoiendesha kadi) kabla hujaijua chipu kwa namba zake. Maandishi ya kwenye boksi si ushahidi, hata stika ya kwenye kadi si ushahidi. Draiva haisomi stika, inasoma namba zilizomo ndani ya chipu, na matatizo mengi ya kutopatana yanaanzia kwenye tofauti kati ya namba hizo na zile draiva inazozifahamu.

Kabla ya kuanza, kaa na vitu vinne: waya mfupi uliokwisha pimwa, swichi ya akiba, flashi yenye Linux ya karibuni inayowaka bila kusakinishwa, na simu yenye bando. Simu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ichomeke kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na mashine isiyosoma kadi yake itapata njia ya kupakua kile inachokosa.

Hatua ya 1: Ondoa waya kwenye lawama

Mji wetu uko ufukweni. Hewa ya chumvi inakula shaba ya vichwa vya RJ45 na meno ya ndani ya tundu la kadi. Chungulia kwa tochi, na ukiona ukijani au weusi kwenye meno, safisha au badilisha kichwa kabla hujagusa kibodi. Jihadhari pia na nyaya za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika upesi zikikunjwa, na kwenye masafa marefu zinapoteza nguvu ya mawimbi.

Kisha iulize kadi yenyewe (badala ya `enp2s0` weka jina la kadi yako, utalipata kwa `ip link`):

```
sudo ethtool enp2s0
```

Tazama mistari mitatu: kasi ambayo kadi yako inaweza, kasi ambayo upande wa pili umetangaza, na kasi iliyopatikana. Kama pande zote mbili zimetangaza 1000baseT/Full lakini `Speed` inasema 100Mb/s, shuku waya kwanza. Gigabiti kwenye shaba inahitaji jozi zote nne, wakati megabiti 100 inatosheka na jozi mbili, yaani pini 1, 2, 3 na 6. Jozi moja kati ya zile mbili za ziada ikikatika, kadi nyingi hushuka zenyewe hadi 100 na kuendelea na kazi, na mtu anadhani draiva ni mbovu.

Usijaribu kulazimisha kasi kwa kuzima majadiliano ya kasi. Gigabiti ya shaba haifanyi kazi bila majadiliano hayo. Na ukilazimisha 100 ya dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) upande mmoja, upande wa pili utashindwa kujua hali ya mwenzake na utachukua nusu-dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Mtandao utaonekana mzima kwenye ping ndogo, halafu utakufa ukianza kuhamisha faili.

Malizia kwa kuangalia vihesabio:

```
ip -s -s link show enp2s0
```

Makosa ya `crc` (pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika) yanayopanda kila unaporudia amri hii yanatokana na waya, tundu au swichi, mara chache sana na draiva. Badilisha waya, badilisha tundu la swichi, pima tena. Kama namba imetulia na tatizo bado lipo, sasa una haki ya kuingia ndani.

Hatua ya 2: Ijue chipu kwa namba

```
lspci -nnk | grep -A3 -i ethernet
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
02:00.0 Ethernet controller [0200]: Realtek Semiconductor Co., Ltd.
        RTL8111/8168/8411 PCI Express Gigabit Ethernet Controller
        [10ec:8168] (rev 15)
        Kernel driver in use: r8169
        Kernel modules: r8169
```

Kinachokuhusu ni `10ec:8168`. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 1969 ni Atheros. Nusu ya pili ni kifaa chenyewe. Iandike kwenye daftari pamoja na `rev` (toleo la chipu), kwa sababu utaihitaji mpaka mwisho. Kuanzia hapa njia zinagawanyika mara tatu.

*Kadi haionekani kabisa.* Ingia kwenye BIOS uhakikishe kadi ya ndani haijazimwa. Kama mashine ina Windows na Linux kwa pamoja, kuna jambo linalowasumbua mafundi wengi: Windows ikizimwa kwa ule uzimaji wake wa haraka, inaweza kuiacha kadi katika usingizi ambao Linux inashindwa kuiamsha. Wakati mwingine kadi inaonekana kwenye orodha lakini haipati muunganiko. Zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha rudisha umeme. Kadi ikifufuka, ingia Windows uzime uwashaji wa haraka pamoja na kuamshwa kwa kadi kupitia mtandao.

*Kadi inaonekana lakini hakuna mstari wa `Kernel driver in use`.* Kerneli, yaani kiini cha Linux, imeiona namba, haijapata draiva inayoidai. Hakikisha hivi:

```
modinfo r8169 | grep -i 8125
```

Kila draiva ya PCI (njia inayounganisha kadi na bodi ya mashine) hubeba orodha ya namba inazozihudumia, na hiyo amri inaichungulia orodha hiyo. Mfano wa wazi ni chipu ya Realtek ya gigabiti 2.5, namba `10ec:8125`. Draiva ya r8169 ilianza kuihudumia kwenye kerneli 5.4. Debian 10 (Debian ni mojawapo ya mifumo ya Linux) ilitoka na kerneli 4.19, kwa hiyo ukiichomeka kadi hiyo kwenye Debian 10 haitasomeka hata ukeshe. Debian 11 yenye 5.10 inaisoma. Dawa hapa ni kerneli mpya zaidi, na ndiyo maana nimesema ukae na flashi ya Linux ya karibuni: iwashe kutoka kwenye flashi, na kadi ikifanya kazi, umepata jibu bila kuharibu chochote kwenye diski ya mteja.

Zipo nyakati ambapo chipu ni ileile ya zamani ila imepewa namba mpya. Unaweza kuilazimisha draiva ijaribu (badala ya `xxxx` weka nusu ya pili ya namba yako):

```
echo "10ec xxxx" | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/r8169/new_id
```

Fanya hivyo kwa majaribio tu, tena ukiwa na sababu ya kuamini kwamba chipu zinafanana. Draiva iliyopewa chipu isiyo yake inaandika kwenye rejesta (visanduku vidogo vya data ndani ya chipu) ambazo haizijui maana.

*Kadi ina draiva, lakini haifanyi kazi.* Hapa ndipo penye kazi kubwa.

Hatua ya 3: Sikiliza kerneli inasema nini

```
sudo dmesg | grep -iE 'r8169|e1000e|tg3|enp|eth0'
```

Badilisha majina kulingana na draiva yako. Kwa chipu za Realtek, tafuta mstari wenye neno XID:

```
r8169 0000:02:00.0 eth0: RTL8168h/8111h, ..., XID 541, IRQ 128
```

Mstari huu una thamani kuliko kurasa nyingi za ushauri. Namba `10ec:8168` imetumika kwa miaka mingi kwenye vizazi vingi vya chipu vilivyo tofauti kabisa kwa ndani. PCI inakwambia ukoo, XID ndiyo inayokwambia ni mtoto yupi. Draiva inapoanza husoma rejesta moja ndani ya chipu, inapata XID, inatafuta kwenye jedwali lake, halafu inachagua jinsi ya kuiamsha chipu hiyo na famwea ya kuipa. Ndiyo maana watu wawili wenye "kadi ileile" wanapata matokeo tofauti: mmoja ana `rev 0c`, mwingine `rev 15`, na ushauri uliomfaa wa kwanza unamharibia wa pili. Kila unaposoma suluhisho la mtu mwingine, linganisha XID kwanza.

XID isiyokuwepo kwenye jedwali inazalisha ujumbe `unknown chip XID`, na draiva inajitoa. Hapo hakuna mpangilio wa kubadili. Unahitaji kerneli inayoifahamu chipu hiyo.

Ujumbe mwingine ni wa namba hasi. Zijue hizi: -2 ni faili halijapatikana, -5 ni kosa la kusoma au kuandika kwenye kifaa, -12 ni kumbukumbu haikutosha, -19 ni hakuna kifaa cha namna hiyo, -110 ni muda umekwisha bila kifaa kujibu. Ukiona `probe of 0000:02:00.0 failed with error -110`, chipu ipo lakini haijibu. Rudi kwenye umeme, tundu la PCIe na usingizi nilioutaja.

Kama maelezo ni machache, iamuru draiva iseme zaidi:

```
echo 'module r8169 +p' | sudo tee /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
```

Na kama mashine iliganda ukalazimika kuizima, maneno ya mwisho ya kerneli unaweza kuyapata kwa `journalctl -k -b -1`, mradi mfumo unahifadhi kumbukumbu zake kwenye diski.

Hatua ya 4: Famwea

Famwea ni programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya chipu wakati wa kuwasha. Ikikosekana utaona:

```
Unable to load firmware rtl_nic/rtl8168h-2.fw (-2)
```

Kadi nyingi za Realtek zitaendelea kufanya kazi hata hivyo, lakini kwa kuyumba. Chipu za Broadcom zinazotumia draiva ya bnx2, ambazo zimejaa kwenye seva za mtumba, haziwaki kabisa bila famwea. Kwenye Debian vifurushi ni `firmware-realtek` na `firmware-bnx2`. Tangu Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, diski rasmi ya kusakinishia inakuja na famwea hizi, kwa hiyo tatizo hili utalikuta zaidi kwenye mifumo ya zamani. Ukishasakinisha, endesha `sudo update-initramfs -u`, kisha uzime na kuwasha.

Hatua ya 5: Draiva mbili, kadi moja

Realtek wana draiva yao wenyewe, r8168, iliyo nje ya kerneli. Watu huisakinisha bila kuiondoa r8169 na zinabaki kugombea kadi. Endesha `lsmod | grep r816` uone iliyopo. Ushauri wangu ni kubaki na ya kerneli mpaka upate ushahidi kwamba chipu yako inahitaji ile nyingine. Draiva ya nje hujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Bila vichwa (headers) vya kerneli hiyo haijengeki, na asubuhi baada ya masasisho ofisi nzima inakosa mtandao. Kama Secure Boot (kinga inayokubali programu zenye sahihi tu) imewashwa, draiva isiyo na sahihi hukataliwa kwa maneno `Key was rejected by service`. Hakiki kwa `mokutil --sb-state`.

Adapta za USB zina mambo yao. Endesha `lsusb` na `lsusb -t`. Adapta ya gigabiti yenye namba `0bda:8153` inatakiwa ionyeshe `Driver=r8152`. Ikionyesha `cdc_ether` au `cdc_ncm`, imeshikwa na draiva ya jumla: itafanya kazi, ila utakosa mipangilio mingi. Na adapta za bei ya chee zisizo na jina zinakuja na kasoro moja ya kuudhi, kwamba kadhaa kutoka shehena moja zina anwani moja ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi kwenye mtandao. Mashine mbili za namna hiyo kwenye swichi moja hunyang'anyana mtandao, hii ikipata ile inakosa. Linganisha kwa `ip link`, na ukizikuta sawa ipe mojawapo anwani ya binafsi inayoanza na 02:

```
sudo ip link set dev enx00e04c000001 down
sudo ip link set dev enx00e04c000001 address 02:00:00:00:00:07
sudo ip link set dev enx00e04c000001 up
```

Hatua ya 6: Inafanya kazi, halafu inakatika

Hili ndilo gumu, kwa sababu mteja akija na mashine inakuwa nzima. Lazima uliite tatizo lijitokeze. Weka `iperf3 -s` (iperf3 ni programu ya kupima kasi ya mtandao) kwenye mashine nyingine, na hapa endesha `iperf3 -c` ikifuatiwa na anwani ya mashine hiyo pamoja na `-t 600`, kisha rudia kwa `-R` ili mzigo uje upande wa pili. Dirisha la pembeni liwe na `sudo dmesg -w`. Ukisikia `NETDEV WATCHDOG ... transmit queue 0 timed out`, kerneli iliweka pakiti kwenye foleni na kadi haikuzipeleka kwa wakati.

Kwa Intel, draiva ya e1000e inakupa picha kamili zaidi. Mashine za ofisi zenye chipu ya 82579LM, `8086:1502`, kadi yake huitwa `enp0s25`, na inapokwama huandika hivi:

```
e1000e 0000:00:19.0 enp0s25: Detected Hardware Unit Hang:
  TDH                  <a5>
  TDT                  <c2>
  next_to_use          <c2>
  next_to_clean        <a4>
```

Soma polepole. TDT ni mahali draiva ilipofikia kuweka kazi kwenye duara la kutuma, TDH ni mahali chipu ilipofikia kuzichukua. Draiva imefika c2, chipu imesimama a5. Ujumbe ukirudiwa na TDH bado ni a5, draiva imetimiza wajibu wake na chipu ndiyo iliyoganda. Dawa inayosaidia mara nyingi ni kuipunguzia chipu kazi ya kukata pakiti kubwa:

```
sudo ethtool -K enp0s25 tso off gso off
```

Kwa kadi zinazokatika zikiwa zimekaa kimya na si wakati wa mzigo, shuku kubana umeme. Jaribu kimoja, pima kwa muda wa kutosha, ndipo uguse kingine:

```
sudo ethtool --set-eee enp2s0 eee off
echo 0 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/link/l1_aspm
```

Ya kwanza inazima kubana umeme kwenye waya, ya pili kwenye njia ya PCIe. Kama faili la pili halipo, ongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa kuwashia. Ukizizima zote kwa mpigo tatizo litaondoka na hutajua lipi lilikuwa lenyewe, na siku ya kuripoti hutakuwa na la kusema.

Angalia pia intarapti, yaani ishara ambazo kadi hutuma kuiita kerneli. Endesha `grep enp2s0 /proc/interrupts` mara mbili huku ping ikienda. Kama namba haipandi, huenda kadi inaita na kerneli haisikii. Washa na `pci=nomsi` ujaribu. Na `sudo lspci -vv -s 02:00.0` itakuonyesha kwenye `LnkSta` kama njia ya PCIe imeshuka chini ya uwezo wake ulioandikwa `LnkCap`. Kadi iliyokaa vibaya kwenye tundu hujulikana hapo.

Ukipata mpangilio uliotibu, ufanye wa kudumu. Penye NetworkManager, `nmcli connection modify` ikifuatiwa na jina la muunganiko na `ethtool.feature-tso off` inatosha.

Onyo moja zito: usiandike chochote kwenye kumbukumbu ya ndani ya kadi kwa sababu umeona amri mahali. Mwaka 2008, toleo la majaribio la kerneli 2.6.27 liliharibu kumbukumbu hiyo kwenye kadi za Intel zinazotumia e1000e na kuziacha hazifai. Chanzo hakikuwa e1000e yenyewe, kilikuwa ni kifaa cha kufuatilia kerneli kilichokuwa kikiandika mahali pasipo pake. Kusoma na kuhifadhi nakala ni ruksa: `sudo ethtool -e enp0s25 raw on > nvm.bin`.

Hatua ya 7: Kwa wanaogusa msimbo

Kama data inafika ikiwa imeharibika bila kosa la `crc`, fikiria DMA, yaani kifaa kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu ya mashine moja kwa moja. Washa mashine na `mem=2G`. Tatizo likipotea, huenda kifaa hakiwezi kufikia anwani zilizo juu ya GB 4 na draiva imekitangaza kwamba kinaweza. Angalia mwito wa `dma_set_mask_and_coherent`. Mistari ya `DMAR` au `IO_PAGE_FAULT` kwenye dmesg inasema kifaa kimegusa kumbukumbu ambayo hakikupewa. Kuizima IOMMU (kinga inayozuia kifaa kugusa kumbukumbu isiyo yake) kunaficha kosa, hakulitibu.

Draiva inayokwenda vizuri kwenye Intel na kuyumba kwenye bodi za ARM mara nyingi imekosa `dma_wmb()` (amri ya kulinda mpangilio wa maandiko) kati ya kujaza kiingizo cha duara na kukikabidhi kwa chipu. Kwenye x86 maandiko hufika kwa mpangilio, kwa hiyo kosa hujificha.

Kama kerneli ya zamani ilikuwa nzima na mpya imevunjika, acha kubahatisha:

```
git bisect start -- drivers/net/ethernet/realtek
git bisect bad v6.6
git bisect good v6.1
```

Weka matoleo yako. Kila jaribio linakata mabadiliko yaliyobaki nusu, kwa hiyo hata mabadiliko 1,000 yanaisha kwa majaribio kama 10. Tumia `make localmodconfig` ili ujenzi usichukue siku nzima.

Ukilipata badiliko lenyewe, `scripts/get_maintainer.pl -f drivers/net/ethernet/realtek/r8169_main.c` itakutajia wasimamizi wa kuandikiwa. Wape namba ya PCI na `rev`, mstari wa XID, toleo lililo zima na lililovunjika, dmesg kamili tangu kuwaka, na ni mpangilio upi ukizimwa tatizo linatoweka. Wakikutumia kiraka, kijaribu kwenye mashine ileile, kwa waya uleule na mzigo uleule wa iperf3, hata kama matokeo ni mabaya. Mteja mwekee kadi nyingine ya PCIe aendelee na kazi zake, na ile ya ndani iache ikiwa imewashwa kwenye BIOS ili upate pa kujaribia.